Deni Letu kwa Chura wa Kihansi: Hotuba kuhusu Bustani za Wanyama

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na vijana mliofika kutoka pande zote za jiji: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie bustani za wanyama, na najua kwamba wengi wetu tukisikia maneno hayo tunamwaza simba aliyelala nyuma ya nondo huku watoto wakimpigia kelele ainuke. Naomba tuanze na mnyama ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanga foleni ili amwone, ambaye mwili wake wote unaweza kukaa juu ya kidole gumba, na ambaye jiji hili lina deni kwake. Huyo ni chura wa Kihansi.

Mto Kihansi unashuka kutoka kwenye ukingo wa Milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro. Katika korongo lake maji yalikuwa yakianguka kwa nguvu kubwa, hata manyunyu yake yakalowanisha majani na miamba usiku na mchana, masika na kiangazi. Ndani ya manyunyu hayo, katika eneo lisilozidi sana hekta mbili, aliishi chura mdogo wa rangi ya manjano asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Hatagi mayai majini kama vyura wa mitaroni tunaowafahamu, bali huzaa watoto walio hai, kila mmoja mdogo kama punje. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la kuzalisha umeme ulikuwa umekwisha kuanza. Mitambo ilipofikia kazi kamili mwaka 2000, ikiwa na uwezo wa megawati 180, takriban asilimia 90 ya maji ya mto yalielekezwa kwenye mahandaki ya mitambo hiyo, na lile korongo lililokuwa limelowa kwa karne nyingi likaanza kukauka.

Simlaumu mtu kwa kutaka umeme. Wenye umri kama wangu wanaikumbuka migawo ya miaka ya 1990, mashine za kusaga zilivyonyamaza na watahiniwa wa kidato cha nne walivyosoma kwa kibatari. Dar es Salaam ilikuwa, na bado ni, mlaji mkubwa kuliko wote wa umeme wa nchi hii, kwa hiyo maji yaliyoondolewa kule Kihansi yaliwasha taa zetu hapa Magomeni, Temeke na Kariakoo. Nayasema haya ili ieleweke kwamba habari ya chura huyu si habari ya porini peke yake; ni habari ya mjini, na sisi tumo ndani yake.

Mwishoni mwa mwaka 2000, kwa ridhaa ya Serikali yetu, vyura 499 walikusanywa wakasafirishwa hadi Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York, na baadaye baadhi yao wakapelekwa katika bustani nyingine, ikiwemo ile ya Toledo katika jimbo la Ohio. Huku nyumbani yalitandazwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga manyunyu ya maporomoko, na kwa muda ilionekana kwamba vyura waliobaki wangenusurika. Kisha, mwaka 2003, idadi yao ikaporomoka kwa ghafla. Kuvu anayesababisha ugonjwa ambao umeangamiza vyura katika mabara mengi alikutwa kwenye miili yao, na baada ya mwaka 2005 hakuna aliyewaona wala kuwasikia tena korongoni. Mwaka 2009 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, ukatangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Maana yake ni kwamba vyura wote wa aina hiyo waliobaki ulimwenguni walikuwa ndani ya masanduku ya vioo, ng'ambo ya bahari. Tena hata huko hawakustawi tangu mwanzo. Katika miaka ya kwanza walikufa kwa wingi, hata wakabaki chini ya mia moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kufuga kiumbe wa namna hiyo na kila jambo lilipaswa kujifunzwa upya: mwanga wa aina gani unaomfaa mnyama aliyezoea jua linalopenya katika ukungu, manyunyu mazito kiasi gani, wadudu wadogo wa kadiri gani wanaoweza kuingia katika kinywa kama kile. Wahudumu hawa, ambao majina yao hayataandikwa kwenye mnara wowote, waliendelea mpaka wakapata njia. Vyura wakaanza kuzaliana, mamia yakawa maelfu, na mwezi Agosti 2010 vyura 100 wakarejea Tanzania. Hawakuanzia Kihansi. Walikuja hapa hapa Dar es Salaam, katika maabara iliyoandaliwa kwa ajili yao Chuo Kikuu, pale Mlimani, wakahudumiwa na Watanzania waliokwisha kupata mafunzo ya kazi hiyo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2012 walianza kurudishwa korongoni, na haikuwahi kutokea popote duniani kabla ya hapo kwamba amfibia aliyekwisha kutangazwa kuwa ametoweka porini arudishwe katika makazi yake ya asili. Kazi hiyo haijaisha, kwa maana kuvu bado yupo na manyunyu bado yanategemea mabomba, lakini chura amerudi nyumbani.

Kwa maoni yangu, ile maabara ya Mlimani ndiyo bustani ya wanyama yenye maana kuliko zote zilizowahi kuwepo katika jiji hili, ingawa haina lango la watalii, haina tiketi, na wakazi wengi wa Ubungo na Sinza hupita jirani nayo kila siku bila kujua kwamba ipo. Nataka tuitumie kama kipimo. Bustani ya wanyama ihukumiwe kwa kile kinachotoka ndani yake kurudi porini, na kwa elimu inayotoka ndani yake kwenda kwa watu, kuliko kwa wingi na ukubwa wa wanyama iliowafungia.

Kipimo hiki si cha zamani, na lazima tuseme ukweli kuhusu zamani. Bustani ileile ya Bronx iliyomwokoa chura wetu ndiyo iliyomweka hadharani, mwezi Septemba 1906, kijana wa Kiafrika kutoka misitu ya Kongo aliyeitwa Ota Benga, ndani ya nyumba ya nyani, ili watu wamtazame. Wachungaji weusi wa New York walipinga kwa sauti kubwa mpaka akatolewa, lakini hakurudi kwao tena, na mwaka 1916 alijiua akiwa bado ugenini. Shirika linaloiendesha bustani hiyo liliomba radhi hadharani mwaka 2020, yaani miaka 114 baadaye. Huko Ujerumani, Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, anasifiwa kwa kufungua mwaka 1907 bustani ya kwanza iliyoacha nondo na kutumia mahandaki na miamba ili mnyama aonekane kama yuko porini; mtu huyohuyo alikuwa amekwisha kuzunguka Ulaya na maonesho ya wanadamu tangu miaka ya 1870. Wawindaji waliompelekea wanyama walikuwa wakiwaua tembo na faru wazima ili wawachukue watoto wao, na wengi wa watoto hao walikufa njiani kabla ya kufika pwani.

Sisi wa pwani hii tunaijua biashara hiyo tangu mbali zaidi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China kama zawadi kwa mfalme, na watu wa kule wakamwona kuwa ishara ya baraka. Kwa karne nyingi mnyama wa Afrika aliyefungwa alikuwa hivyo tu, kitu cha fahari cha mwenye mamlaka, iwe katika ikulu ya China au katika bustani ya Schönbrunn kule Vienna, iliyoanzishwa mwaka 1752 na inayotajwa kuwa kongwe kuliko zote zilizopo leo. Hakuna aliyeuliza twiga yule aliishi muda gani baada ya shangwe kwisha.

Mabadiliko yalikuja taratibu, na yalikuja kwa sababu ya misiba. Tarehe 1 Septemba 1914, katika bustani ya Cincinnati nchini Marekani, alikufa njiwa mmoja jike aliyeitwa Martha, wa mwisho wa aina ya njiwa ambao zamani waliruka kwa makundi ya mamilioni na kulitia anga giza. Bustani ilikuwa imemtunza vizuri, na ilichoweza kufanya kilikuwa ni kumtazama anavyokwisha. Linganisheni na habari ya choroa wa Arabuni. Hawa waliuawa wote porini kufikia mwaka 1972, lakini miaka kumi kabla yake baadhi ya watu walikuwa wamekwisha kuona mwelekeo wa mambo, wakakusanya wachache katika bustani ya Phoenix, Marekani, wakawazalisha, na mwaka 1982 wajukuu wa wale wachache wakafunguliwa katika jangwa la Oman. Kati ya njiwa Martha na choroa wa Oman, wazo zima la bustani ya wanyama lilikuwa limegeuka. Mkulima mwenye akili hali mbegu zake zote hata mwaka wa njaa; huziweka ghalani, na ghala hilo halina thamani yoyote kama hana nia ya kupanda tena.

Kazi ya kutunza mbegu hizi ina ufundi wake ambao mgeni anayenunua tiketi haoni. Wanyama wachache wakizaana wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, udhaifu wa ukoo hujitokeza: vifo vya watoto, ugumba, magonjwa. Kwa hiyo bustani zinazojiheshimu zina daftari moja la pamoja kwa kila aina ya mnyama, linaloonyesha baba, mama, babu na bibi wa kila mmoja, na mratibu wa daftari hilo ndiye anayeamua dume yupi wa mji huu apelekwe kwa jike yupi wa nchi ile. Wanyama hubadilishanwa bila kuuzwa. Bustani isiyokuwa katika mpango wa namna hii, hata ikijaza vizimba vyake watoto wa simba kila mwaka, haijahifadhi chochote. Imeongeza tu idadi ya simba wasio na pa kwenda.

Nchi yetu imeonja matunda ya kazi hii, na imeona pia makosa yake. Kati ya mwaka 1966 na 1969, shirika la Frankfurt lililoongozwa na Bernhard Grzimek, aliyekuwa pia mkuu wa bustani ya wanyama ya mji huo, liliwafungua sokwe 17 katika Kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria. Wengi wao walikuwa wameishi kwenye bustani na sarakasi za Ulaya. Walifunguliwa bila kufundishwa lolote, na baadhi ya madume, kwa kuwa walikuwa wamewazoea binadamu na hawakuwaogopa, walishambulia watu. Isitoshe, walikuwa wametekwa utotoni huko Afrika Magharibi, kwa hiyo si wa damu moja na sokwe wetu wa Gombe na Mahale. Leo wapo wajukuu wao kisiwani, wanaishi kama sokwe wa porini na wanawakimbia watu, jambo linaloonyesha uwezo mkubwa wa wanyama hawa kujifunza upya. Lakini hakuna mtaalamu makini ambaye angerudia kazi ile kwa namna ileile sasa.

Faru weusi wa Mkomazi ni habari nyingine. Majangili wa miaka ya 1970 na 1980 walikuwa wamewamaliza kabisa katika eneo lile, na kituo cha kuwalinda na kuwazalisha kikaanzishwa upya kwa faru waliotoka Afrika Kusini. Mwaka 2009 waliongezwa faru watatu waliozaliwa katika bustani ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech, na mwaka 2016 akaletwa mwingine, jike, kutoka bustani hiyohiyo. Fikirini maana yake: faru aliyezaliwa kwenye theluji, ambaye hajawahi kung'atwa na mbung'o, hana kinga ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hajui miti ya nyika. Alipaswa kuzoeshwa hatua kwa hatua, chini ya macho ya madaktari wa wanyama, mpaka mwili wake uikubali nchi ya mababu zake. Faru mmoja wa namna hiyo anayezaa Mkomazi ni hoja yenye nguvu kuliko vizimba mia vyenye faru wa kutazamwa.

Pamoja na hayo, wapo wanyama ambao sijasadiki kwamba bustani za mijini zinawafaa, na wa kwanza ni tembo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha maisha ya tembo jike waliozaliwa katika bustani za Ulaya na wenzao wa Amboseli, hapo ng'ambo ya mpaka wetu. Wale wa bustani, kwa wastani wa kati, waliishi karibu miaka 17. Wale wa Amboseli waliokufa vifo vya kawaida walifika miaka 56. Chakula hakikuwa tatizo, wala daktari. Mnyama aliyeumbwa kutembea kutwa na mama zake, shangazi zake na dada zake hawezi kulipwa fidia kwa nyasi kavu na uwanja wa saruji. Takwimu hizi zilinigusa sana, na tangu nizisome siwezi kuipongeza bustani yoyote kwa sababu tu ina tembo.

Sasa tuje kwetu. Tanzania ilipata bustani yake ya kwanza ya wanyama mwaka 1964, katika Kisiwa cha Saanane, Mwanza, na mwaka 2013 kisiwa hicho kikawa Hifadhi ya Taifa. Mageuzi hayo yanastahili kutafakariwa. Yapo pia maeneo kama Ruhila pale Songea, na bustani za watu binafsi, ikiwemo iliyopo Kigamboni. Na kila mwaka, mwezi wa saba, katika viwanja vya Sabasaba, banda la maliasili hujaa kuliko mabanda karibu yote, na mama mwenye mtoto mgongoni husimama juani kwa muda mrefu ili amwone simba, chatu na chui.

Wapo wanaowabeza watu wale. Mimi nawaheshimu. Mtoto wa Gongo la Mboto anaishi katika nchi ya Serengeti na Nyerere, twiga ni mnyama wa Taifa lake, na pengine atamaliza shule ya msingi akiwa amemwona katika picha tu. Mikumi iko mbali, karibu kilomita 300, na nauli ya familia ni mshahara. Hamu inayoonekana katika foleni ile ndiyo mtaji mkubwa wa uhifadhi katika nchi hii, na tunaitumia vibaya tunapoishia kumwonyesha mtoto simba anayezunguka kizimbani, hatua nne mbele na hatua nne nyuma, kwa sababu mtoto huyo anaondoka akiamini kwamba hivyo ndivyo simba alivyo. Kuzunguka kule ni dalili ya mnyama aliyeelemewa, na yeyote anayesimama mbele ya kizimba na watoto ana wajibu wa kuwaambia hivyo.

Ningependa kwa hiyo kuona bustani ya umma katika jiji hili, iliyojengwa kwa ajili ya viumbe ambao wanaweza kuishi vizuri katika nafasi ndogo na ambao wanahitaji msaada wetu: vyura wa Milima ya Tao la Mashariki, kobe chapati wanaosakwa na wafanyabiashara wa magendo, vinyonga wa Usambara na Uluguru. Hao hawavutii macho kama simba, najua. Lakini mtoto akielezwa kwamba taa ya nyumbani kwao na chura aliye mbele yake vimewahi kugombea maji yaleyale, hatasahau. Mwalimu mzuri anaweza kulishika darasa saa nzima kwa habari hiyo.

Bustani hiyo, na zote zilizopo, zikaguliwe, na matokeo ya ukaguzi yabandikwe langoni kwa Kiswahili: wanyama wangapi waliingia, walitoka wapi na kwa kibali gani, wangapi walizaliwa, wangapi walikufa na kwa nini. Mwaka 2010, wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwemo twiga wanne, walipakiwa katika ndege kwenye Uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar kinyume cha sheria, na uchungu wa Watanzania ulisikika bungeni, magazetini na vijiweni. Tulikasirika kwa haki. Lakini hasira hiyo inatuwajibisha tuulize maswali yaleyale kwa vizimba vilivyo ndani ya mipaka yetu.

Walimu wenzangu, naomba tuanze na lililo karibu. Katika msitu wa Pande, ndani ya mkoa huu, na katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi jirani nasi, anaishi komba mdogo kabisa anayejulikana kwa jina la Rondo, mmoja wa nyani wa usiku walio hatarini zaidi katika Afrika Mashariki. Hayupo katika kizimba chochote cha maonesho na sioni sababu ya kumweka. Anahitaji msitu usikatwe mkaa. Kabla ya kupanga safari nyingine ya kwenda kumtazama simba wa kufugwa, tuandike barua kwa wasimamizi wa misitu hiyo, tuwaombe askari wao waje shuleni wawaeleze wanafunzi mnyama huyu anaishije, na pale watakaporuhusu, tuwapeleke wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne msituni jioni, pamoja na wazazi watakaotaka, wasikie mlio wake. Barua ya mfano nimeiandaa na nakala zipo mezani pale mlangoni kwa kila shule.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na nipo tayari kwa maswali.